Elfu Kumi na Sita za Fundi

Redio ndiye aliyelianzisha. Kinyozi yule hawezi kumaliza kichwa kimoja bila kusoma habari tatu, na alasiri ile alitoka kibandani na simu mkononi, kitana kimechomekwa nyweleni.

"Sikieni maajabu! Eti vijana wanene sasa wanatibiwa na simu. Inahesabu hatua, inauliza umekula nini, jioni inakupa hongera."

"Simu?" akaguna Tani Moja, muuza nyama, ambaye benchi lilikuwa limepinda upande wake. "Si hiyo hiyo iliyowanenepesha? Mtoto anashinda kalala chali, anasugua kioo. Leo ndiyo imkondeshe?"

"Kuuma na kupuliza, panya huyo," akasema Mama Kahawa, akimimina.

Fundi Cherehani hakuinua kichwa. Cherehani yake ya kukanyaga ilikuwa palepale, kando ya benchi, na mguu wake ulikuwa kazini tangu asubuhi kwa sare za shule. Lakini neno lilikuwa linamwasha mdomoni.

"Binti yangu yumo humo," akasema. "Wiki ya tatu sasa. Nesi wa kliniki ndiye aliyetuwekea."

Hakuwaambia yote. Hakusema kwamba damu ya mtoto wa miaka kumi na minne imeanza kubeba sukari, wala kwamba mwezi ukiisha bila mabadiliko ataanzishiwa dawa. Hilo lilikuwa linamnyima usingizi. Akasema lile la kujivunia tu: "Jana, hatua elfu kumi na sita!"

"Wee! Alikuwa anahama nchi?" Tani Moja akashika kiuno. "Mimi kutoka bucha hadi hapa ni hatua arobaini, na nafika nahema."

"Wewe ukifika hapa, kivuli chako bado kinafunga bucha," akasema Redio.

"Na nesi kamletea nyota tatu," Fundi akaongeza, mguu bado unakanyaga.

Mama Kahawa akaweka birika chini. "Fundi, kwani huyo mtoto ana simu?"

"Simu ya nini kwa umri ule? Hiyo programu wameiweka kwenye yangu. Jioni anaichukua, anajibu maswali, ananirudishia."

"Na mchana inakaa wapi?"

"Hapa." Fundi akapiga mfuko wa suruali.

Wote watatu wakalitazama paja lake. Likapanda. Likashuka. Likapanda tena.

Redio alianguka kwa kicheko kwanza. "Jamani! Fundi kavuka mpaka akiwa kwenye kigoda!"

"Ndiyo maana kiuno kimekuwa cha nyigu!" Tani Moja akafuta machozi. "Mleteeni kombe lake!"

Fundi naye akacheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. "Sasa yeye katembea ngapi?" akauliza. Miwani alikuwa ameiacha ndani, akampa Redio simu. "Hebu nisomee anachojibu jioni."

Redio akakohoa kitangazaji. "'Swali: unapenda kupita njia gani? Jibu: ya nyuma, kwenye mtaro. Swali: kwa nini? Jibu: ya mbele ina benchi.'" Sauti ikaanza kupungua. "'Rafiki yake baba ananiita Lori. Nikipita anapiga honi kwa mdomo. Wote wanacheka. Baba naye anacheka.'"

Macho yote yakamgeukia Tani Moja. Fundi aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Ni kweli alicheka, kwa sababu wenzake walicheka.

"Na huyo nesi hasomi haya?" akauliza Mama Kahawa.

"Anasoma namba," akasema Redio.

Tani Moja alikuwa anazungusha kikombe kitupu. "Ulikuwa utani tu, jamani. Mimi mwenyewe utotoni waliniita Gunia."

"Ukafurahi?"

"Nililia mpaka darasa la saba."

"Ehe. Mkuki kwa nguruwe," akasema Mama Kahawa.

Cherehani ikasimama kwa mara ya kwanza siku ile. Shule ilikuwa inatoka. Fundi akakimbia hadi kona na kumkuta binti yake tayari ameinua mguu wa kwanza kuingia mtaroni.

"Mwanangu, twende na ya mbele."

"Hapana, baba."

"Nimesoma majibu yako. Nisamehe. Twende, niko na wewe."

Walipofika, waliona migongo mitatu. Benchi lilikuwa limegeuzwa, na watu wazima wanatazama ukuta, hata Mama Kahawa, ambaye kosa lake lilikuwa kucheka huku akimimina.

"Shikamooni," akasema binti, kwa tahadhari.

"Marahaba, mwanangu," migongo ikaitikia.

"Mbona mmegeukia huko?"

"Tuko kwenye adhabu," akasema Tani Moja. "Nisamehe, mama. Honi imekufa leo."

"Adhabu ya muda gani?"

"Utasema wewe."

Binti akafikiri, midomo ikimchezacheza. "Mpaka nirudi." Akanyoosha mkono. "Baba, simu."

"Zilizomo ni zangu, za cherehani; zifute kwanza," akasema Fundi. Binti akazifuta, akaondoka nayo katikati ya barabara. Alirudi jua linazama, viatu vimejaa vumbi, shati limemganda mgongoni. Kahawa ilikuwa imepoa na hakuna aliyekuwa amegeuka.

"Haya, geukeni," akasema.

Simu ikalia. Safari hii Fundi alikuwa na miwani, akasoma mwenyewe: "Pole! Hatua zako zimeshuka sana. Leo ni elfu tatu tu. Kuna tatizo?"

Binti akaichukua, akaandika jibu huku wote wakichungulia begani kwake: "Hakuna tatizo. Zile zilikuwa za baba. Hizi ndizo zangu."