Majeruhi Asisikilizwe

Mwaka wa hamsini na tatu, Marselino wa Morogoro, mtu ambaye angemuuzia samaki maji, alisikia kwamba mwamba umeporomoka katika mgodi mmoja mdogo wa dhahabu upande wa Geita, na kwamba mzungu mwenye mgodi hapati usingizi kwa kumwogopa mkaguzi wa serikali. Wewe na mimi tungesema pole. Marselino alikwenda kununua filimbi.

Alifika na kaptula ya kaki iliyonyooshwa ikanyooka, akajitambulisha kuwa Mwalimu wa Usalama Kazini. Mzungu nusura amkumbatie. Siku hiyohiyo wachimbaji walipangwa juani wakafundishwa kukimbia filimbi ikilia, kuvaa helmeti (ilikuwa moja, wakapokezana) na kubeba machela. Kuhusu majeruhi, Mwalimu alikuwa na somo lililowatoa watu machozi.

"Majeruhi huweweseka," alisema. "Akidai amepona, ujue ndiyo anakata roho. Msimsikilize. Kimbieni naye hospitali."

Alilitunga palepale, kwa kuwa lilisikika kisomi.

Kazi yake hasa ilikuwa kwa nyapara Nkwabi. Bwana huyu alikuwa ameiba vumbi la dhahabu kidogo kidogo, akalifukia nyuma ya choo, na likamkosesha raha, maana getini kila anayetoka alipekuliwa hadi kinywani. Marselino alimnusa mapema. Mwizi humjua mwizi mwenzake. Akamuuliza kama amewahi kuona mtu aliyevunjika mguu akipekuliwa. Nkwabi akafikiri. Hakuwahi.

Wakapatana. Mwalimu mwenyewe angekuwa majeruhi wa mazoezi, dhahabu imefungwa pajani chini ya bendeji na vibao. Wabebaji wangemfikisha kwa dada yake Nkwabi, nje ya geti, na wezi wetu wagawane nusu kwa nusu. Jambo ambalo Nkwabi hakuambiwa ni kwamba Mwalimu angeshukia kituo cha basi na kupanda la Mwanza.

Siku ilipofika, filimbi ikalia, Marselino akaanguka kwa ustadi mkubwa, na askari wa getini akavua kofia kumpisha. Lakini mtu wa Morogoro angejuaje? Alikuwa amechagua vijana wenye misuli bila kuuliza, Bagika wakashika mbele na Bagalu nyuma. Msukuma yeyote angemwambia kuwa vyama hivyo viwili vya ngoma havibebi hata ndoo ya maji bila kushindana. Wa mbele wakaimba kuwakejeli wa nyuma, wa nyuma wakajibu kwa mbio. Atakayeomba kutua ndiye ameshindwa, na habari zake zitachezwa ngoma mpaka mavuno.

Kituo cha basi kikaja, kikapita.

"Jamani, nishusheni," Marselino alisema. "Nimepona."

Mageni, kiongozi wa Bagika, aligeuka na uchungu wa kweli usoni. "Mmesikia? Amesema amepona. Mwalimu wetu anakufa."

Wakaongeza mwendo. Nyumba ya dada yake Nkwabi ikapita nayo, na Nkwabi aliyekuwa akingoja mlangoni akawafuata mbio, akishikilia suruali isianguke. Marselino alitukana, akalia, akamwita Bikira Maria. Kila neno liliwazidishia huruma na kasi.

Walimtua zahanati ya misheni, juu ya meza ya Serafina, dresa, yaani mfunga vidonda, asiyekuwa na mchezo, ambaye mkasi wake ulipita kwenye bendeji kabla mgonjwa hajajieleza. Mguu ulikuwa mzima kabisa. Kifuko kikaanguka, kikapasuka, dhahabu ikatapakaa mezani. Enzi hizo kukutwa na dhahabu bila kibali ilikuwa jela moja kwa moja.

"Mwalimu," Mageni akauliza taratibu, "hii ni ya nani?"

Marselino aliitazama mpaka macho yakamlowa. "Sijawahi kuiona."

Nkwabi akaingia akihema, akaulizwa na yeye.

"Mimi? Nimekuja kumjulia hali mgonjwa. Shikamoo, mama."

"Marahaba," Serafina akajibu, akafunga mlango. "Basi haina mwenyewe."

Bagika na Bagalu, kwa mara ya kwanza tangu waumbwe, wakakubaliana bila ugomvi: mafungu sawa, la Mama Serafina likitangulia. Mizani ya dawa ikaletwa. Alitakiwa mtu msomi wa kuishika, wote wakamgeukia Mwalimu. Akaishika, akapima vizuri.