Shikamoo za Ghorofa ya Pili

Jumatatu, 3 Novemba

Nimefika shuleni saa nzima kabla ya wakati. Jana walirudisha saa nyuma kwa saa moja, mji mzima, kama wanavyofanya huku ughaibuni baridi ikikaribia, na mimi sikuambiwa. Mke wangu Philomena anasema aliniambia. Mara mbili. Nimesimama nje ya mlango na baridi yangu mpaka Kwamboka akaja, akaniuliza kama nimelala hapo. Nikamjibu kwamba mchapakazi haangalii saa. Akacheka! Mwanamke yule hana adabu.

Niandike mambo yalivyo. Mimi na Kwamboka, Mkenya wa Nakuru, ni wasimamizi wa korido. Wa muda. Yeye ana ghorofa ya chini, mimi ya pili. Mwanafunzi akionekana nje ya darasa wakati wa kipindi, tunamwomba karatasi ya ruhusa. Hana? Anarudi darasani. Basi, kazi ndiyo hiyo.

Nafasi ya kudumu iko moja, na Ijumaa watatoa jina. Nafasi ya kudumu ina bima ya meno. Philomena wangu ana gego bovu, tangu Pasaka anatafunia upande wa kushoto tu, na akinywa chai anafumba macho. Kwa hiyo lazima niipate mimi. Miaka kumi na tisa nilikuwa mwalimu wa nidhamu Bukoba. Kwamboka alikuwa anauza simu.

Leo pia imeanza Wiki ya Heshima. Mabango kila ukuta. Naibu mkuu wa shule, Bi Tazmin, katuita akasema kila mfanyakazi alete wazo la kukuza tabia njema. Ana miaka thelathini na kitu! Nikajisemea taratibu kwa Kiswahili kwamba ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, eti katoto haka ndiko bosi wangu. Akanitabasamia. Mpole, masikini, haelewi kitu.

Jumanne, 4 Novemba

Siwaelewi watoto wa hapa. Nimemkanyaga mmoja kwenye ngazi, bahati mbaya, buti langu la baridi ni zito. Yeye ndiye akaomba radhi! Nikasimama. Kwetu anayeomba radhi ana kosa. Nikamuuliza amefanya nini. Hajafanya kitu. Sasa anaomba radhi ya nini? Akaomba radhi tena. Nikaandika jina lake.

Nikaona kumbe wako wengi. Unamgusa mtu bega, anaomba radhi. Unamfungulia mlango, anaomba radhi. Kufika mchana nilikuwa na majina kumi na saba ya watu waliokiri kwa hiari yao. Nikampelekea Bi Tazmin. Akaisoma orodha mpaka chini, akauliza wamefanya nini. Nikamwambia hilo ndilo tunalochunguza. Kwamboka, aliyekuwa pembeni, akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Sijui alikuwa analia nini.

Wazo la kweli limenijia kwenye treni. Salamu! Heshima inaanza kwenye salamu, mengine yote yanafuata. Watoto wale wanampita mtu mzima kama wanapita nguzo ya umeme. Mmoja ananiita bro. Nina miaka hamsini na nne! Kesho nawafundisha shikamoo.

Jumatano, 5 Novemba

Ushindi! Ushindi mtupu!

Nimeanza asubuhi kabla ya kengele. Nikawakusanya kumi hivi karibu na makabati yao, nikawafundisha. Waliuliza maana yake. Nikasema asili yake ni nashika miguu yako. Wawili wakapiga magoti wakanikamata buti. Ikabidi nieleze kwamba ni maneno tu, miguu iachwe.

Kuna kijana anaitwa Aly, darasa la kumi na moja, bibi yake kazaliwa Tanga. Huyo shikamoo anaijua tangu utotoni. Akajitolea kuwafundisha wenzake wakati wa chakula. Sikumwomba! Kajitolea mwenyewe! Nilitaka kumkumbatia.

Kipindi cha tano, mambo yakawaka. Shikamoo huku, shikamoo kule. Marahaba, marahaba. Aly mwenyewe akapita, mkono kifuani, kichwa kimeinama. Nilitaka kumwomba karatasi. Nikashindwa. Utamdaije karatasi mtoto aliyekuamkia namna ile? Ni sawa na kumpekua mgeni mlangoni. Nikampisha. Waliomfuata nao waliniamkia vizuri tu, nikawapisha.

Nimehesabu shikamoo sitini na tatu kwa kipindi kimoja. Sijawahi kuona wanafunzi wengi hivyo kwenye korido yangu. Wengine wanapanda kutoka chini kwa Kwamboka, wananifuata mimi. Huko chini hakuna heshima. Mtoto kamwamkia Kwamboka, yeye kajibu poa. Poa! Shikamoo inajibiwa poa! Nikamwita pembeni nikamweleza. Akasema kwao Nakuru wakubwa wanaulizwa habari na maisha yanaendelea, kisha akaniuliza wale watoto wangu wana karatasi. Wivu.

Bi Tazmin nimemweleza wazo langu. Akasema ni wazo la kuvutia. Akasema tena, la kuvutia sana. Mlangoni akarudia mara ya tatu. Sasa hapo bado nini?

Philomena ameniuliza, Baba Ombeni, hao watoto wanaokuamkia katikati ya kipindi wanatoka wapi? Nimemwambia wanatoka kwenye malezi bora. Akashika shavu lake akarudi kwenye chai yake.

Alhamisi, 6 Novemba

Sauti imekauka kwa marahaba. Philomena kanipa tangawizi.

Asubuhi mwalimu wa hesabu alitoka darasani kwake akasimama mlangoni anaangaza. Akaniuliza darasa lake liko wapi, maana ndani ana watu wanne. Nikampa pole. Nikamshauri awafundishe adabu, watampenda.

Kipindi cha tatu. Korido imejaa. Niko katikati, naitikia kushoto, naitikia kulia. Mara kimya! Bi Tazmin yuko ngazini na wageni wawili wa bodi ya elimu, vitambulisho shingoni. Nikajiweka sawa. Nikawaambia wageni kwa Kiingereza kwamba haya ndiyo matunda ya Wiki ya Heshima, nikawaonyesha wanafunzi, wote arobaini. Wakaamkia kwa pamoja. Mgeni mmoja alipiga makofi.

Bi Tazmin hakupiga. Alinisogelea akaniuliza kama watoto hawa wana ruhusa ya kuwa nje ya darasa.

Kaniuliza kwa Kiswahili!

Kiswahili safi, cha Mwanza. Kumbe wazazi wake walikuwa na duka Mwanza, na nyumbani ndicho wanachoongea mpaka leo. Nikaikumbuka Jumatatu, na "katoto haka". Mama yangu! Nilitamani sakafu ipasuke.

Lakini palepale likanijia jambo zito zaidi. Mtu huyu anajua Kiswahili. Ni mdogo wangu kwa miaka kumi na tano na zaidi. Miezi miwili tunapishana kwenye korido, na hata siku moja hajaniamkia! Nikasubiri. Akarudia swali. Nikatazama dari. Kuna mambo mtu mzima hawezi kuyaacha, hata mbele ya bodi. Wageni wakatazamana. Mwishowe akashusha pumzi, akasema shikamoo Mwalimu, sasa niambie, wana ruhusa?

Marahaba! nikasema, kwa furaha kabisa. Nikampisha apite.

Swali nimelikumbuka saa tisa mchana. Wakati huo Kwamboka alikuwa ameshawarudisha wote madarasani, kwa redio yake ya mawasiliano na kidole kimoja, bila kuamkiana na mtu.

Ijumaa, 7 Novemba

Wamempa Kwamboka.

Nimeumia. Naandika wazi kwa sababu hapa hasomi mtu. Bi Tazmin aliniita ofisini, safari hii kaniamkia kabla sijakaa, nikajua ni habari mbaya. Alisema wanafunzi wananipenda. Alisema kwa siku mbili wanafunzi wa ghorofa ya pili wamekosa vipindi vingi kuliko mwaka mzima uliopita. Sikuelewa, maana nilikuwa palepale na sikuona kasoro. Kwamboka akanipa mkono akasema pole, ndugu. Nadhani alimaanisha. Hilo nalo limenichanganya.

Lakini mlango haujafungwa! Januari kuna nafasi nyingine ya kudumu, bima ileile, na Bi Tazmin atanipa nikitimiza sharti moja tu. Asipite mwanafunzi bila karatasi. Hata akiniamkia. Hata akilala chini. Akanifanya nilirudie sharti kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nikalirudia.

Philomena hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliponda karafuu, akaiweka kwenye gego, akasema Januari si mbali.

Jumatatu, 10 Novemba

Leo nimekuwa chuma. Tangu asubuhi watu kumi na wanne wameniamkia. Marahaba, karatasi iko wapi? Hana. Rudi darasani. Wamebaki midomo wazi! Bi Tazmin amepita mara mbili akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikasema moyoni, Philomena, jino lako hilo.

Kipindi cha nne akaja Aly. Peke yake, hana karatasi. Shikamoo, Mwalimu. Marahaba, karatasi. Hakubisha wala hakujaribu kupita. Aliegemea ukuta kwa adabu, akaniuliza, Mama hajambo nyumbani?

Jamani! Baridi ya nne hii niko nchi hii. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za nyumbani kazini, wakubwa kwa wadogo. Nikamwambia hajambo, ila jino. Akauliza jino gani. Nikamweleza gego, nikamweleza Pasaka, chai na karafuu. Akasema pole sana, bibi yake naye aliteseka hivyohivyo. Akauliza watoto. Nikamweleza Ombeni na masomo yake. Akauliza mvua Bukoba. Anaongea polepole, sauti ndogo, ikabidi niinamishe sikio na kuipa ngazi mgongo. Nilisikia miguu inapita nyuma yangu. Mingi. Lakini hukatishi mazungumzo na mtu anayekujulia hali, ni utovu wa adabu. Tuliongea mpaka kengele ikalia.

Mtoto yule kalelewa. Nimemwambia kesho aje na wenzake, niwafundishe kuulizana habari za nyumbani, maana nimegundua shikamoo peke yake ilikuwa haitoshi. Kosa lilikuwa hapo tu.

Nilipokuwa navaa koti nikaletewa ujumbe. Bi Tazmin anataka kuniona kesho asubuhi, mapema, kabla ya kazi. Hata hajaweza kusubiri Januari! Nimemwambia Philomena aanze kutafuta daktari wa meno.