Jembe la Ubaoni

Redio ilipomaliza kutangaza kwamba tangu sasa kazi za mikono zitahesabiwa katika mtihani wa darasa la saba, mwenye redio, Uledi, ambaye Sumbawanga nzima inamwita Redio Mbao, akaipigia makofi.

"Hiyo ndiyo elimu! Mtoto ajifunze kwa kutenda!"

"Kutenda nini?" Kasimiri alidakia. Jina lake la kijiweni ni Kiberiti, na asubuhi ile kwenye kahawa ya Bashiri alikuwa ameshawaka. "Luciana wangu kapata sifuri ya kilimo. Sifuri! Mtoto aliyeshika jembe kabla hajamaliza kuota meno!"

"Toba! Kakosea nini?"

"Muulize Mwalimu Alfonsi. Katoka semina na nadharia mpya, eti somo litoke kwenye maisha ya mtoto. Basi kachora jembe ubaoni! Wiki nzima watoto wananakili jembe. Mpini sentimeta ngapi, bapa sentimeta ngapi. Na majembe yenyewe yameegemea ukuta huo huo, yanawatazama."

Uledi akacheka hadi kashata ikampalia.

"Ukaja mtihani: eleza jinsi ya kutengeneza tuta. Luciana kaeleza ntumba zetu hizi za duara. Kata nyasi, zikusanye, zifunike kwa udongo, zioze ziwe mbolea. Mwalimu kapiga mkasi, kosa! Kitabu chake kinataka tuta refu, lililonyooshwa kwa kamba. Darasa zima sifuri, isipokuwa..." Akamgeukia mwenye kahawa.

Bashiri akajifanya anapuliza mkaa. "Kulsumu wangu kapata mia," akasema taratibu.

"Kulsumu anayekimbia panzi?"

"Kakariri, bwana. Sasa mimi nifanyeje?"

Kasimiri hakucheka. Alama hizo ndizo zingempeleka Luciana kidato cha kwanza, au zimrudishe jikoni kwa mama yake. Roho ilimuuma, akaona hata kahawa haina ladha.

Mara huyo Mwalimu Alfonsi, suruali imenyooka kwa pasi, daftari la alama kwapani.

"Shikamoo, mzee Kasimiri."

"Sema shida yako."

"Mkaguzi anakuja Alhamisi. Na shamba la shule... mvua imeyazoa matuta yote. Kamba tulinyoosha vizuri kabisa, mzee! Nikaona lako liko jirani, maharage yamestawi. Labda tuseme ni la watoto."

"Langu la ntumba? Zile ulizozipa sifuri?"

"Yale ni mambo ya kitabu, mzee wangu."

"Fungua daftari."

Pale pale, juu ya sanduku la Bashiri, kalamu nyekundu ikaanza kufuta sifuri, moja baada ya nyingine. Kasimiri alimsimamia hadi mtoto wa mwisho.

"Sasa sikia. Kumdanganya mkaguzi, sithubutu. Ataambiwa shamba ni la Kasimiri. Ila pembeni kuna nafasi, watoto watainua ntumba zao mbele ya macho yake, ajionee wanajua au hawajui. Na ya kwanza utainua wewe."

"Mimi?"

"Wewe mwenye nadharia. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tufanye majaribio. Njoo na jembe."

Alfonsi akatazama viganja vyake, laini kama vya bibi harusi. Akamsogelea Kasimiri, akashusha sauti. Lakini mbele ya Uledi kunong'ona ni kazi bure.

"Samahani, mzee. Mkono unaotangulia kwenye mpini ni wa kulia, au wa kushoto?"