Ndege Lazima Iwe Nyekundu

Jumatatu, 9 Julai 2007

Siku tano zimebaki. Jumamosi mimi na Kimeu tutaonyesha maarifa yetu mbele ya wasichana wa kidato cha tatu, kisha Madam Nzisa, mwalimu mkuu, atachagua mmoja wetu afundishe fizikia. Nafasi ni moja. Kimeu ana roketi ya chupa ya soda na pampu ya baiskeli. Pampu ya baiskeli! Mimi nina ndege ya rimoti, mabawa ya mita nzima, zawadi ya shangazi Munyiva aliye Uingereza. Haijawahi kuruka.

Kasoro moja. Ni nyeupe. Imeundwa kwa povu gumu, lile linalokuwa ndani ya katoni ili televisheni isivunjike. Nimetoka nje nikaiinua juu. Julai ya Machakos: mawingu meupe asubuhi hadi jioni. Ndege imepotea nikiwa bado nimeishika.

Uamuzi: nyekundu.

Mama amesema niirushe kwanza nione kama inaruka, rangi itafuata. Nimemweleza kwa upole kwamba bibi harusi havai gauni baada ya harusi. Amesema anafurahi angalau nimelitaja neno harusi.

Jumanne, 10 Julai

Kwa Bartholomew, mchoraji wa mabango ya bucha na vinyozi. Amejigamba kwamba ng'ombe wake wanatambulika kutoka ng'ambo ya barabara, sembuse ndege. Akatikisa kopo la rangi ya kupuliza, ya magari. Pssss.

Bawa la kushoto likaanza kuchemka. Kama uji! Tukasimama tukilitazama likizama. Bartholomew akasema labda linakunywa tu, likishiba litatulia. Halikushiba. Shimo la ukubwa wa chapati.

Nina digrii. Najua petroli huyeyusha povu. Sikujua kwamba ndani ya kopo la rangi wanaishi ndugu zake petroli.

Kimeu akapita, bila shaka kwa makusudi. Akauliza: mwalimu, hiyo ni ndege ama ni sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukoboa? Bartholomew akacheka zaidi yake. Nimeondoka na heshima yangu na bawa moja na nusu.

Jumatano, 11 Julai

Nimeziba shimo kwa povu la katoni ya televisheni ya Mama na gundi ya mbao. Bawa limenyooka. Kuliko mwanzo, nadhani.

Rangi isiyo na petroli? Nikamkumbuka Susu, nyanya yangu wa Mitaboni. Kila Desemba, kabla wageni wa Krismasi hawajafika, hupaka kuta zake udongo mwekundu. Nikaenda. Susu hakuuliza ndege ni ya nini. Aliuliza tu kama itakaa ndani au nje. Nikasema itakaa juu. Akafikiri. Basi udongo peke yake utabanduka, akasema, lazima samadi mbichi, ndiyo hushika, na wewe uliyesoma hivyo hukufundishwa hata hilo?

Tumepaka mara tatu. Kila mara tumengoja ikauke, kisha tukasugua kwa jiwe laini la mtoni. Inang'aa kama chungu kipya! Karibu nilie.

Alhamisi, 12 Julai

Kijitabu kilichokuja na ndege kinasema isizidi kilo moja. Nimeipima kwa mizani ya bucha. Kilo moja na robo tatu. Mwenye bucha akauliza kama anikatie ama naibeba nzima.

Nimefikiri mchana kutwa. Suluhisho limekuja, zuri, la kifizikia. Nimekwangua tumbo lote na upande wa chini wa mabawa. Nimeacha udongo wa juu tu, ule unaoonekana ndege ikiwa mezani. Kilo moja na kidogo! Hata harufu imepungua.

Mama tena: irushe hata mara moja, Mutheu, mara moja tu. Na rangi ikikwaruzika? Haelewi.

Jumamosi, 14 Julai

Manyunyu tangu alfajiri.

Roketi ya Kimeu ilitangulia. Ilipanda vizuri mno, ikashuka kupitia dirisha la ofisi ya Madam Nzisa. Nilimpa pole kwa moyo mkunjufu.

Zamu yangu. Nikairusha. Ikapanda! Wasichana wakapiga vigelegele. Nikainua macho kutazama wekundu wangu, nikaona tumbo. Jeupe. Mawingu meupe. Kisha sikuona kitu.

Niliendelea kubonyeza rimoti kwa uso wa mtu anayejua anachofanya. Msichana mmoja akauliza ndege iko wapi. Nikamwambia mwanafizikia husikiliza. Akasikiliza. Kilichosikika ni udongo uliolowa ukibanduka. Madonge mekundu yakatushukia kutoka mbinguni. Moja likatua ndani ya chai ya Madam Nzisa.

Madam akasema si kitu, ni udongo tu, akainua kikombe. Lakini Kimeu alikuwa ameokota donge lake, akalinusa. Akapaza sauti hadi watu wa lango wakasikia: Madam, usinywe! Hayo ni mavi ya ng'ombe!

Alikuwa ameshakunywa.

Jumapili, 15 Julai

Mpishi wa shule ameipata ndege kwenye bustani ya sukuma wiki nyuma ya jikoni. Nzima! Hata bawa la shimo halikuvunjika. Kwa kuwa kitu chenye samadi hakipiti jikoni kwake, ameiosha kwa sabuni hadi ikawa nyeupe pe.

Madam Nzisa amepiga simu. Hawezi kuchagua, amesema, kati ya dirisha na chai. Turudi Alhamisi sote wawili, nafasi ya mwisho. Akanisihi kwa jina langu kamili niilete ndege kama ilivyo, nisiiguse.

Nimetafakari tangu misa. Kosa nimeliona. Nyekundu ni rangi ya kuta.

Redio imetangaza kwamba Alhamisi mawingu yatatawanyika, mbingu iwe wazi kabisa. Na Madam atapendezwaje nikiipaka rangi ya sweta za wasichana wake! Juu na chini safari hii. Nimeshapata bluu ya kufulia, haina petroli wala uzito. Nimejaribu kwenye kitambaa, nikakiinua dirishani. Samawati safi. Huwezi kuitofautisha na mbingu.