Kabureta Tatu za Kumrudisha Priscah

Jumatatu, 1 Agosti 1994. Migori.

Leo nimepata jibu. Kabureta! Si moja. Tatu!

Zefa yangu, lile gari langu la zamani, ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na zote zinanyonya petroli kutoka kabureta moja tu. Ni kama mama mmoja kunyonyesha watoto sita. Ndiyo maana siku ya Pasaka ilikataa kupanda mwinuko wa kutoka Homa Bay kwenda Rodi. Ndiyo maana Priscah alisukuma, na nguo yake mpya ya kanisani, viatu kavivua kaviweka kwenye kiti. Mimi nilishika usukani. Lazima mtu ashike usukani! Na ndiyo maana mwezi wa sita mke wangu alifunga mizigo akarudi kwao Kendu Bay. Majirani wanatafuta sababu nyingine. Hakuna nyingine. Ni ule mwinuko.

Kinachoniuma zaidi, aliondoka na pikapu ya Monari. Monari ni jirani. Anapeleka ndizi Kendu Bay na kurudi na omena. Pikapu yake ina kabureta moja, inanuka samaki, na kila alfajiri inawaka chini ya dirisha langu. Inawaka mara ya kwanza! Anafanya makusudi.

Mpango wangu: kabureta tatu, mwinuko unalambwa, naingia Kendu Bay kwa kishindo, namchukua Priscah. Nimemkosa sana. Hata sauti yake ya kunilaumu nimeikosa.

Jumatano, 3 Agosti.

Nimekwenda kwa Mubarak, muuza spea. Alikuwa na kabureta kuukuu ya Landrova. Ya tatu ameipata fundi wangu Nchagwa kule Masara, kwenye pampu inayotoa maji katika mashimo ya dhahabu. Nchagwa anatoka Ntimaru na haogopi kitu chochote chenye boneti. Nilimwuliza kama kabureta ya pampu, ya Landrova na ya Zefa zitaelewana. Akasema hata watu wa Migori walitoka pande tofauti na sasa wanakaa pamoja. Fundi huyu ana akili!

Mubarak aliuliza, kwa adabu, kama haingekuwa rahisi nipande basi nikamwombe mama arudi. Basi! Priscah anione nikishuka na vumbi masikioni kati ya kuku? Nikamwambia mimi ni mtu wa gari. Akasema pole. Sijui pole ya nini.

Jioni mteja aliingia studio yangu ya picha kupigwa picha ya pasipoti. Akauliza yule mrembo wa picha ya dirishani ni nani. Nikasema ni mteja tu. Kisha nikafunga mapema, sikuwa na kazi ya maana.

Ijumaa, 5 Agosti.

Tatizo. Kabureta tatu zinahitaji paipu ya kuzishikilia na kugawa hewa kwa silinda. Nchagwa alitafuta mji mzima hakupata chuma cha upana ule. Nilirudi nyumbani nikalala kidogo kuwaza, na nilipogeuka mkono ukagonga chuma. Kitanda! Kitanda chetu cha futi tano, paipu nene, imara. Na futi tano ni nyingi kwa mtu mmoja.

Nchagwa alikikata kabla ya saa sita mchana na kuchomelea kabla ya saa kumi. Kazi nzuri ajabu. Rangi ya samawati aliyoichagua Priscah bado inaonekana ukifungua boneti.

Sasa godoro liko sakafuni. Bado nalala upande wangu. Upande wa pili siwezi kuusogelea, nashindwa tu.

Jumanne, 9 Agosti.

Imewaka! Mtaa mzima umetoka nje. Monari ametoka na mswaki mdomoni.

Kuna jambo dogo la kurekebisha. Kabureta tatu lazima zivute hewa sawa. Nchagwa aliweka mpira wa maji sikioni na ncha nyingine kwenye kila kabureta, akasikiliza. Ya kwanza inanguruma, ya pili inapiga mluzi, ile ya Masara imenyamaza. Akazungusha skrubu hadi jua likachwa. Mwisho akasema tuziache, zitazoeana.

Matokeo: ukikanyaga akseleta, ni radi. Ukiondoa mguu, injini inazima, na ikizima haiwaki mpaka ipoe na isukumwe na wanaume wanne. Suluhisho ni rahisi. Siondoi mguu.

Monari aliomba kunipeleka Kendu Bay bure kwa pikapu. Alisema ati, “Jirani, mama anakungojea wewe, hangojei gari.” Wivu huo!

Nimetuma ujumbe kwa wakwe: nakuja Jumamosi.

Jumamosi, 13 Agosti.

Nitaanza na mazuri.

Kwenda kulikuwa raha. Rongo, Rodi, Homa Bay, mguu chini! Nilipofika kwa wakwe Kendu Bay, nikaona heshima waliyoniandalia. Viti vimepangwa uani. Wazee wamekaa. Kuku amechinjwa, harufu ilinifikia. Na mlangoni, nyuma ya baba mkwe, begi la kahawia la Priscah. Limefungwa! Tayari kwa safari!

Hapo ndipo nikakumbuka mguu wangu.

Nikiuondoa, injini inazima. Ikizima, nani atasukuma? Baba mkwe? Mzee wa watu asukume gari la mkwe wake! Na ikikataa kabisa, nitalala wapi? Kwetu mkwe halali kwa wakwe. Ni mwiko mkubwa, hata mlevi anaujua. Kwa hiyo nilibaki pale langoni nikikanyaga. Nilitoa kichwa dirishani nikasalimu kwa kelele. Nikapunga mkono. Wazee hawakupunga.

Baba mkwe alisimama, akaketi. Akasimama tena. Injini ilikuwa ikinguruma na kupiga mluzi, kuku wote wakakimbilia kwa jirani. Hatimaye Priscah akaja mwenyewe. Amekonda kidogo. Amesuka nywele ile namna ninayoipenda. Akainama dirishani, na harufu ya mafuta yake ikashinda ya petroli.

Akasema, “Shuka, Walter. Shuka tu uongee na wazee, mimi nitoke na wewe.”

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri kabisa, kwa sauti kubwa: kabureta ya Landrova, kabureta ya Masara, ule mpira wa sikioni. Alisikiliza yote. Akauliza kama ninakula. Nikasema nakula. Akasema tena, “Shuka.” Nikamfungulia mlango wa upande wa pili ili apande. Akasema yeye hatoki kwa baba yake kama kuku wa kuibwa, gari likinguruma.

Nikadhani atalia, au mimi nitalia. Kisha akarudi, akachukua begi, akaliingiza ndani.

Niliondoka. Nifanye nini? Mguu ulikuwa umekufa ganzi.

Jumapili, 14 Agosti.

Nilichoka, sikumaliza ya jana.

Ule mwinuko wa Rodi tuliupanda kwa gia ya juu! Haujawahi kupandwa namna ile. Niligeuka kushoto kumwambia Priscah aone. Kiti kilikuwa kitupu na mlango wake unagongagonga, sikuwa nimeufunga vizuri. Basi nikaufurahia mwinuko peke yangu. Uliisha haraka mno.

Kabureta tatu zinakunywa. Petroli ilikwisha nimepita Rongo. Nikashuka kusukuma. Kusukuma ni kazi ngumu jamani, sikuwa najua! Na hakuna wa kushika usukani. Zefa ikaingia mtaroni. Nilikaa kando yake nikamlilia Priscah waziwazi, ng'ombe wawili wakinitazama. Aliyenivuta kwa kamba ni Monari, akitoka na omena zake. Njia nzima aliendesha polepole, kamba isikatike. Afadhali angenicheka tu.

Alhamisi, 18 Agosti.

Monari amerudi kutoka Kendu Bay na ujumbe wa mdomo. Aliurudia mara mbili, ati Priscah alimwapisha asiache hata kipande. Ananisalimu. Begi bado limefungwa. Baba yake amekubali kunipokea tena, kwa shida. Nije na basi, nije na pikapu, nije na miguu, ila nije na nishuke. Atanigoja hadi Jumamosi. Jumatatu anakwenda Kisumu kwa dada yake, kuna kazi ya kushona, na akienda hatarudi huku.

Nilimwomba Monari arudie pale pa “atanigoja.” Akarudia. Akasema anaondoka Jumamosi alfajiri na nafasi ya mbele ni yangu. Macho yalinijaa machozi, nikageukia ukuta.

Basi ananipenda! Ananigoja! Na mwanamke anayekungoja namna hiyo huwezi kumwendea ukinuka omena. Nimekimbia moja kwa moja kwa Nchagwa. Tumekaa juu ya tairi tukatafakari, na kosa limeonekana peupe: tatu zilikuwa chache. Kila kabureta inagombaniwa na silinda mbili, ndiyo maana injini haitulii. Silinda sita, kabureta sita! Kila mtoto na mama yake! Itatulia kimya langoni, nitashuka bila wasiwasi, nitakaa na wazee, nitakula kuku.

Nchagwa ameshaanza kufungua. Anasema kazi ni ya wiki mbili. Monari nimemwambia asinisubiri.

Jumamosi ni kesho kutwa, najua. Atanigoja. Amesema mwenyewe.