Gunia la Dagaa la Mama Mkwe

Jumatatu, 19 Februari

Hakuna mteja. Pazia langu la buluu la picha za pasipoti limepauka pale katikati, vilipokuwa vinakaa vichwa vya watu. Siku hizi mtaa mzima wa Buzebazeba hapa Kigoma unajipiga picha wenyewe kwa simu, tena midomo imebinuliwa.

Winfrida bado yuko kwao Mwandiga. Hatukugombana, na hilo ndilo linaloniuma. Alikunja nguo zake taratibu, akasema amechoka kuzunguka mji akiwaomba watu msamaha kwa niaba ya mume wake. Aliwaomba wale maharusi niliowapiga picha ndani ya mtumbwi kule Ujiji. (Nani angejua unavuja?) Alimwomba paroko kuhusu ile mizinga ya nyuki niliyoipindua nikitafuta picha. Akasema siku nitakayofanya jambo moja tu, hata dogo, likaisha bila mtu kuombwa radhi, atarudi.

Jambo moja! Mtu mzima mwenye studio anashindwa jambo moja?

Jioni nikaona tangazo la Crispin kwenye kundi la WhatsApp. Crispin huyuhuyu niliyemfundisha kushika mwavuli wa taa. Leo ana droni na anajiita Mkurugenzi. Anawapeleka wapiga picha wa kujifurahisha kwenye milima ya nyuma ya Kibirizi, asubuhi kupanda, jioni kushuka. Huko juu wapige picha ziwa, na ufukwe uliojaa dagaa walioanikwa. Tarehe 9 Machi, anasema. Watu wana kamera leo, yeye anawaambia Machi. Uvivu mtupu.

Nimepata wazo.

Jumanne, 20 Februari

Nimetangaza! "Matembezi ya Ufukwe wa Fedha, Jumamosi hii." Nimeeleza jinsi dagaa wanavyong'aa ukiwatazama kutoka kileleni, utadhani mchanga umemwagiwa fedha. Nimeongeza kuwa mwezi unakaribia kujaa, kwa hiyo hata tukichelewa kushuka, njia itaonekana. Usalama wa wateja kwanza. Crispin hakulifikiria hilo.

Saa moja haikupita, akaniandikia pembeni. Shikamoo mwalimu, una hakika na hiyo tarehe?

Hofu hiyo. Nikamjibu kwamba mwanafunzi hamfundishi mwalimu kusoma kalenda. Kisha nikaona jibu ni tamu mno kubaki kwetu wawili, nikaliweka kwenye kundi.

Wamejiandikisha wawili. Happiness, wa benki, amehamishiwa hapa kutoka Moshi, ana kamera yenye lenzi ndefu kama bomba la maji. Na Mwalimu Oswald wa sekondari, mtu wa Mbeya.

Nikampigia Winfrida. Akasema atakuja kupanda na sisi aone kwa macho yake. Atakuja na begi la nguo, na mambo yakienda vizuri, begi halitarudi Mwandiga.

Mungu wangu, begi!

Jumatano, 21 Februari

Nimekwenda kuikagua njia. Sitaki kuandika mengi. Mvua ya jana, majani yenye umande, utelezi. Nilipanda kwa miguu, nikashuka kwa makalio. Soli ya kiatu cha kulia iling'oka, nikaifunga kwa mkanda wa kamera. Kileleni ukungu ulitanda, sikuuona ufukwe, sikuliona ziwa, hata mkono wangu niliuona kwa shida. Nimeandika kwenye kundi kwamba njia imekaguliwa na iko salama.

Jioni nikaenda kula kwa mama ntilie. Nikaagiza ugali wa muhogo kwa dagaa. Hakuna dagaa, akasema, wiki hii wameadimika. Nikamwambia ni Kwaresima, wafanyabiashara wanawaficha. Akanitazama muda mrefu, kisha akanipakulia maharage.

Umeme umekatika. Natoka nje kuandika kwa mwanga wa mwezi. Mwezi mkubwa, mweupe, nasoma hata herufi ndogo. Nimeichagua wiki nzuri kweli.

Ijumaa, 23 Februari

Nimekwisha.

Asubuhi nilikwenda Kibirizi kuwaomba akina mama wanaoanika dagaa wavae kanga zinazofanana kesho. Akina mama hawapo. Dagaa hawapo. Mitumbwi imevutwa nchi kavu, mmoja mmoja mpaka mwisho wa macho, na wavuvi wamekaa kivulini wanashona nyavu na kucheza drafti.

Mvuvi mmoja akanisalimia kwa Kiha, mwakeye, nikaitikia huku nagugumia. Nikamuuliza dagaa wataanikwa saa ngapi kesho. Akaacha drafti. Akawaita na wenzake waje wasikie swali.

"Kaka," akasema, "wewe usiku huwa hutazami juu?"

Dagaa hufuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga, taa ya mvuvi haina kazi, na wavuvi hukaa nyumbani mpaka giza lirudi. Mtoto wa darasa la pili Kigoma analijua hilo. Na mimi nalijua! Nimezaliwa Ujiji, nimelijua kabla sijajua kuvaa suruali. Nilisahau tu, kwa sababu mwezi ulikuwa mzuri.

Tarehe 9 Machi ni giza totoro. Ndiyo maana. Mshenzi yule.

Kuahirisha siwezi. Kundi zima limesoma maneno yangu ya kalenda. Na Winfrida keshakunja nguo.

Nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa nikitamani kulia. Badala yake likaja wazo. Mama mkwe anauza dagaa. Stoo kwake limebaki gunia moja la wakati wa giza, amelihifadhi kwa ajili ya mteja wake wa Kasulu. Tukilimwaga ufukweni asubuhi, dagaa wakapigwa picha, tukawazoa, nani atajua?

Kumwomba mwenyewe haiwezekani. Mkwe na mama mkwe wana heshima yao, hawasimami uso kwa uso kuongelea gunia. Hiyo ni mila. Nikamtafuta shemeji Adolf, mdogo wake Winfrida, mwenye bodaboda. Kwanza alikataa. Nikamwahidi picha kumi za pasipoti. Akasema hana safari. Nikamwambia mwenye picha kumi za pasipoti hakosi safari. Akakubali. Jumamosi asubuhi mama yake huwa kwenye sala za Jumuiya, gunia litarudi kabla hajafika.

Jumamosi, 24 Februari

Winfrida alikuja. Gauni la kijani, viatu vya kupandia, na begi. Nikalichukua begi nikaling'ang'ania. Akasema tuliache kwa jirani, nikasema hapana, napanda nalo mlimani, si zito. Lilikuwa zito. Lakini kwenye mwinuko wa kwanza alicheka nilipoteleza, kile kicheko chake cha zamani, na kwa muda mfupi niliamini kila kitu.

Happiness aliniuliza mara mbili mlima unaanzia wapi. Watu wa Moshi wana matatizo yao.

Tukafika kileleni. Hakuna ukungu. Ziwa limetulia, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo, upepo mzuri. Mwalimu Oswald akasema ni pazuri sana, na sasa ufukwe wa fedha uko wapi?

Nikanyoosha kidole. Chini kule, kwenye mchanga mtupu mrefu, palikuwa na kialama kimoja cha kijivu. Gunia zima! Na kutoka juu lilikuwa kama kitambaa cha kufutia miguu mlangoni. Nikasema ndiyo hiyo, fedha. Mwalimu akauliza kama ni mkeka wa mtu.

Halafu wakaja kunguru. Mmoja kwanza. Akaenda, nadhani kuuita ukoo. Adolf tulimwona akikimbia huku na huku na kofia ngumu ya bodaboda mkononi. Happiness akaelekeza lenzi yake huko, akaanza kubofya bila kupumzika, akasema kuna mama mmoja ametokea anawapiga kunguru kwa kitenge, na kijana naye anapigwa.

Winfrida akaomba aangalie. Akatazama kupitia lenzi. Nilihesabu majani. Nilitamani ukungu wa Jumatano.

"Yule ni mama," akasema. Kisha akasema, "Na gunia lile nalijua. Nimelishona mimi."

Hakunigombeza. Alilitoa begi begani kwangu taratibu, mkanda mmoja kisha mwingine, akashuka. Nikamfuata mbali kidogo. Chini alipiga magoti pamoja na mama yake, wakaokota dagaa waliobaki, mmoja mmoja, wamejaa mchanga. Mimi nilisimama nyuma ya mtumbwi. Mila.

Kabla ya kuondoka akanijia. Macho mekundu.

"Kesho uje mwenyewe, Gervasi," akasema. "Usimtume mtu. Useme kwa mdomo wako mbele ya mama. Ukija, tunarudi na begi."

Kisha begi likapanda gari la Mwandiga.

Jumapili, 25 Februari

Usingizi sikupata. Adolf naye amefukuzwa nyumbani, amelala studio, amejifunika pazia langu la buluu. Anasema jirani alimwona akipakia gunia, akakimbia kumwambia mama kule Jumuiya.

Picha ya Happiness imeenea kila mahali. Mama mkwe kitenge juu, kunguru wamemzunguka, ziwa nyuma yake. Ni picha nzuri kupita zote nilizowahi kupiga mimi, na hilo nalo limeniuma. Crispin kaandika: shikamoo mwalimu, pole sana, twende wote tarehe 9 uwafundishe watu mambo ya mwanga. Sikumjibu. Huruma ya Crispin siitaki.

Baada ya misa nikavaa shati jeupe. Njiani nilirudia maneno: Mama, nimekosa, nisamehe. Mepesi tu. Nilifika stendi, nikalipata gari la Mwandiga, nikakaa dirishani. Kweli nilikaa.

Jirani yangu kwenye siti akatoa simu, akanionyesha ile picha. Akauliza kama namjua huyu mama, na kama watu wanaweza kupelekwa kumpiga picha wakati anafukuza kunguru.

Nikashuka.

Matembezi ya Mama na Kunguru! Kileleni asubuhi, lenzi ndefu, mama mkwe ufukweni. Nimeshachagua siku: Jumamosi, 23 Machi, wiki nne kamili, mwezi utakuwa umerudi mkubwa hivihivi, tushuke kwa mwanga wake. Tangazo lazima litoke leo, Crispin asije akaniwahi.

Winfrida ataelewa. Msamaha nimemtuma Adolf aupeleke. Aligoma, nikamsukuma mpaka kwenye pikipiki yake. Nimemwambia auseme vizuri, kwa heshima zote, na akishamaliza aulize kwa upole kama stoo kuna gunia lingine.