Maana Rasmi ya Sardini

Gari la Tume ya Kitaifa ya Maana ya Sardini lilikuwa limeshang'oa nanga kuelekea lango la bandari ya Asfi, na juu yake limefungwa kamba jiko la Lalla Hniya, mchoma samaki wa hapo bandarini. Mwenyewe alikuwa nyuma kwa miguu, koleo la makaa mkononi. Jiko lile ndilo lililomlisha tangu awe mjane.

Asubuhi tume ilikuwa imelitangazia taifa kwamba kazi ya miaka sita imekamilika. Kuanzia leo sardini ni "kiumbe kisicho na kichwa, kilicholazwa ubavu kwa ubavu na wenzake, chenye mafuta, ndani ya chombo kilichofungwa." Wajumbe walikuwa wamemchunguza samaki huyo kwa makini sana huko Rabat, ndani ya kopo.

Samaki wa Lalla Hniya walikutwa na vichwa. Basi kibao chake, "Sardini wa Kuchoma", kikawa udanganyifu, na jiko likawa chombo cha uhalifu. Wajumbe kumi na mmoja walikula ushahidi wote, kisha wakamwandikia kosa.

"Nimezaliwa nawaita sardini, Si Lamfeddal," alimwambia katibu wa tume, akimwita "Si", yaani Bwana. "Sasa niwaiteje?"

"Jaza fomu ya kuomba jina, Lalla."

Langoni, mlinzi Bouazza aliinua mkono. Naye alikuwa amepewa nakala ya maana ile rasmi, na amri: sardini yeyote asitoke bila cheti cha daktari wa mifugo. Lalla Hniya akafika anahema.

"Bouazza mwanangu, isome hiyo karatasi kwa sauti. Macho yako yawe garini."

Bouazza akasoma, akatazama. Viti sita, watu kumi na mmoja. Vioo vimepandishwa kwa kuogopa harufu. Mafuta mpaka viwikoni.

"Mkubwa wenu humu nani?"

Kila mmoja akamnyooshea kidole jirani yake.

"Mwenyekiti yuko Rabat," alisema Si Lamfeddal.

"Kichwa hakuna," Bouazza aliandika, bila kucheka. "Cheti kiko wapi?"

"Mjinga wee! Unajua unasema na nani?"

"Najua. Saini hii si yako?"

"Usimtukane mwana wa watu, Si Lamfeddal, anatekeleza amri yako," alisema Lalla Hniya. "Lakini Bouazza, mzigo huo haukai juani. Utaoza."

Wakaingizwa chumba cha baridi cha samaki, na Lalla Hniya akalishusha jiko lake. Ilikuwa Ijumaa, daktari yuko kwa mkwewe anakula kuskusi, na mtu haitwi kwenye kuskusi.

Alirudi baada ya alasiri. Aliwanusa, akaandika "hawafai kwa matumizi ya binadamu", akawaachia.

Bouazza alihamishiwa milimani, kwenye theluji na mbuzi. Si Lamfeddal aliondoka na mafua. Sasa anaongoza Tume ya Maana ya Zeituni. Jiko lilirudi mahali pake, na kibao kinasema "Samaki Wenye Vichwa". Maana ile ya sardini ingali sheria. Wajumbe wakija Asfi huja wawili wawili, vioo vikiwa wazi.